Kiua

Mwezi wa tatu tangu ghala lifungwe Mokowe
na mimi, karani, kukabidhi funguo na mihuri,
nililala mpaka jua likapanda kitandani.
Mama husimama mlangoni na kikombe:
"Kiyana, yuwa lishatoka. Ndoo unwe chai."
Chai nilikunywa. Kuamka, sikuamka.

Chumba cha juu tulimpangisha Bi Tomoe,
mwalimu mstaafu kutoka Matsue,
aliyekuja Lamu kwa wiki mbili akakaa miezi mitano.
Alijua Kiswahili cha kuombea chumvi
na cha kugombana na punda wa Langoni.
Ndiye aliyeniachia neno mezani
kama mtu anavyosahau miwani:
ikigai.
"Iki, kuishi," alisema. "Gai, thamani yake."

Nikalikimbilia. Nilikuwa na njaa ya neno.
Nikaiuliza simu, simu ikanipa duara nne:
unachokipenda, unachokiweza,
dunia inachokihitaji, utakacholipwa.
Nikazichora kwa mdomo wa kikombe
nyuma ya daftari la stakabadhi,
nikajaza kama nilivyozoea kujaza hesabu.
Napenda: (nikaruka.)
Naweza: kujumlisha magunia ya watu wengine.
Dunia yahitaji: mengi, ila haijanitaja.
Nitalipwa: na nani?
Na pale katikati, zinapokutana zote nne,
palibaki peupe kama sahani ya mgeni asiyekuja.

Bi Tomoe akaitazama karatasi, akacheka, kiganja mdomoni.
"Duara hizi sizijui. Mama yangu hakuzijua.
Yeye alikuwa na kizingiti.
Kila alfajiri alikifuta, kiwe kichafu, kiwe safi,
na siku aliyoshindwa kukifuta
ndiyo siku tuliyomwita daktari.
Hakulipwa. Sidhani alikipenda.
Lakini kilimwamsha."

Sikuridhika. Kizingiti! Mimi nina diploma.

Usiku huo umeme ulikatika Gademi nzima.
Nikitafuta mshumaa katika mkebe wa biskuti
nikakuta kofia ya marehemu baba.
Nusu. Sindano bado imo, imeshika kutu,
uzi umegeuka rangi ya jino.
Safu saba za viua, na ya nane imekomea njiani
kama mtu aliyeitwa nje, akasema, naja.

Alinifundisha nikiwa na miaka tisa;
niliacha nilipoanza kuvionea haya vidole vyangu.
Kiua hakina siri. Unatoboa kitambaa,
unaupanua mdomo wa tundu,
kisha unauzungushia uzi, mara kumi na mbili, kumi na tatu,
mpaka nguo isahau kwamba ilijeruhiwa.

Cha kwanza kilipinda.
Cha pili kilipinda upande wa pili.
Cha tatu nilikifumua mara nne, nikitukana,
na nilipoinua kichwa mshumaa haukuwa na kazi tena:
dirisha lilikuwa na mwanga wake,
na muadhini anakohoa kabla hajaanza.

Sasa naamka. Sitaki kulikuza jambo.
Kofia moja ni miezi miwili, pengine mitatu,
na Bwana Shekue wa dukani hunilipa kwa sura ya mfariji.
Ombi langu la kazi ya kaunti limo katika faili la mtu.
Kuna siku naichukia sindano kama nilivyolichukia ghala.
Ila hakuna gunia lililowahi kunitoa kitandani
eti kwa kuwa jana nililiacha limepinda.

Bi Tomoe alipoondoka nilimpa kiua kimoja,
kile cha kwanza, katika kipande cha bafta.
Alikifunga pembeni mwa leso, kama pesa.

Ile karatasi naitumia kuchomekea sindano.
Pale katikati palipobaki peupe pamejaa matundu.
Juzi niliiinua dirishani, mwanga ukapenya,
ukaniangukia mkononi vitone vitone,
nikamkumbuka baba akimjibu mteja aliyenung'unika
kwamba analipia kofia yenye matundu:
"Hayo matundu ndiyo kazi, bwana.
Kitambaa nimekinunua tu."